Kupanga Njia za Triatloni na Duatloni Kando ya Ziwa



Tangu muhula uliopita habari ya mabwenini ni moja tu: sikukuu ya michezo ya mwaka huu iwe na triatloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote mfululizo bila kupumzika. Wengine wataka waogeleaji waivuke ghuba iliyo chini ya shule moja kwa moja, kutoka gatini hadi rasi ya pili, maana jambo hilo litapendeza macho ya wageni. Wengine wasema tuache kabisa, kwa sababu wengi wetu twatoka vilimani na hatujui kuogelea.

Kamati ya michezo imenipa kazi ya kupima njia. Basi nataka kueleza jinsi njia za namna hii zinavyopangwa, na kwa nini shauri la kuvuka ghuba halifai. Mchezo huu hutegemea njia kuliko michezo mingine yote. Uwanja wa mpira ukipimwa vibaya, watu watagombana kidogo na kusahau. Njia ya ziwani ikipimwa vibaya, mama mmoja atalia.

ASILI YA MCHEZO

Triatloni si mchezo wa zamani sana. Mashindano ya kwanza yaliyoitwa kwa jina hilo yalifanywa Mission Bay, katika mji wa San Diego huko Marekani, tarehe 25 Septemba 1974. Miaka minne baadaye, tarehe 18 Februari 1978, watu 15 walianza mashindano marefu sana katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, na 12 wakamaliza. Mshindi alikuwa Gordon Haller, aliyetumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58.

Habari ya Oahu yatufaa sana sisi wapimaji, maana njia yake haikubuniwa upya. Kisiwani mlikuwa na mashindano matatu yaliyojulikana tayari: ya kuogelea Waikiki, maili 2.4, ya baiskeli kuzunguka kisiwa, maili 115, na mbio za Honolulu, maili 26.2. John Collins, afisa wa jeshi la majini, pamoja na mkewe Judy, walitaka kuziunganisha njia hizo tatu ziwe moja. Collins aliona kwamba ikiwa waendesha baiskeli wataanza pale kuogelea kunapoishia, na kumaliza pale mbio zinapoanzia, zitapungua maili 3 tu katika zile 115. Ndiyo maana mpaka leo mashindano hayo marefu yana maili 112 za baiskeli, yaani kilomita 180. Somo letu la kwanza ni hili: mwisho wa njia moja uwe mwanzo wa njia nyingine. Usipofanya hivyo, utabeba baiskeli na watu huku na huko, na siku itaharibika.

Siku hizi kuna vipimo vinavyojulikana dunia nzima. Triatloni ya Olimpiki, iliyoingia katika michezo hiyo Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za kukimbia. Triatloni fupi ni nusu yake: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Duatloni haina maji. Mtu hukimbia, huendesha baiskeli, kisha hukimbia tena. Ile fupi ni kilomita 5 za miguu, 20 za baiskeli, na 2 na nusu za miguu.

Hata ziwa letu la Kivu limekwisha kujulikana katika mchezo huu. Mwezi wa Agosti 2022 watu wa mataifa mbalimbali walishindana Rubavu kwa kipimo cha kati: kilomita 1.9 majini, 90 kwa baiskeli na 21.1 kwa miguu. Basi mtu asiseme kwamba jambo hili ni la nchi za mbali.

KWANZA: NJIA YA MAJINI

Kivu liko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,460 hivi, na kina chake kikubwa hufika karibu mita 480. Mahali pengi kingo zake ni za mteremko mkali: hatua chache tu kutoka ukingoni, miguu haigusi tena chini. Kwa hiyo tusidhani kwamba aliyechoka ataweza kusimama.

Njia inayopendwa na wapangaji wengi ni ya pembetatu. Yapendeza, tena ni rahisi kuipima kwa hesabu ya darasani. Pima mstari wa mita 250 ukingoni, kutoka A hadi B. Msimamishe mtu A na mwingine B, kila mmoja na kipimapembe. Mtumbwi wenye boya uende ziwani mpaka wote wawili wauone kwa pembe ya digrii 60. Hapo umepata pembetatu yenye pande sawa, na mzunguko wake ni mita 750, bila kutandaza kamba hata moja majini. Mtu mmoja akikosea digrii moja tu, mzunguko utaongezeka au kupungua kwa mita 8 hivi, nalo si kosa kubwa.

Lakini sasa tazama boya hilo liko wapi. Urefu wa kimo cha pembetatu hiyo ni mita 217. Maana yake ni kwamba mwanafunzi aliyepatwa na mkakamao wa misuli penye kona atakuwa mita 217 kutoka nchi kavu. Nalo shauri la kuvuka ghuba ni baya zaidi, maana katikati ya safari mtu yuko mbali na kingo zote mbili.

Mimi napendekeza njia ya sanduku jembamba, hivi. Mwogeleaji atoke ufukoni aende moja kwa moja mita 60. Ageuke, afuate ukingo mita 315. Aingie ndani kuelekea ukingo mita 20. Arudi mita 315 akiwa mita 40 tu kutoka ukingoni. Kisha amalizie mita 40 hadi mchangani. Jumlisha: 60 na 315 na 20 na 315 na 40, jawabu ni 750 kamili. Umbali ni ule ule wa pembetatu, lakini hakuna mtu atakayekuwa mbali na nchi kavu zaidi ya mita 60. Tena wakati wa kwenda, nguvu zikiwa bado nyingi, yuko mstari wa nje. Wakati wa kurudi, nguvu zikiwa zimepungua, yuko mstari wa ndani.

Kuna faida mbili nyingine. Faida ya kwanza ni ya jua. Sisi tuko upande wa mashariki wa ziwa, na jua la asubuhi hutokea nyuma ya vilima vyetu. Katika njia ya pembetatu, anayerudi hulikabili jua, maji yang'aa, haoni boya wala ufuko. Katika njia ya sanduku, jua huwa ubavuni karibu muda wote, naye aweza kuvuta pumzi upande wa pili. Wale wanaokaa upande wa magharibi wa ziwa wageuze hesabu hii: kwao anayeelekea ziwani ndiye anayelikabili jua.

Faida ya pili ni ya upepo. Tulifundishwa katika jiografia kwamba usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na kwa hiyo upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana mambo hugeuka, upepo ukatoka ziwani na kuleta mawimbi. Ndiyo sababu kuogelea hufanywa asubuhi mapema, maji yakiwa yametulia. Lakini kumbukeni kwamba ule upepo mdogo wa alfajiri humsukuma mtu kuelekea katikati ya ziwa. Akiwa mita 40 kutoka ukingoni, atarudi. Akiwa mita 217, na mikono imechoka, sisemi.

MABOYA, KAMBA NA MITUMBWI

Maboya yetu yatakuwa madumu ya njano ya lita 20, yaliyofungwa vizuri, na kila dumu litafungiwa gunia la mawe kuwa nanga. Hapa pana hesabu ambayo watu wengi hawaifikiri. Ikiwa kina ni mita 10 na kamba ya nanga ni mita 15, boya halitakaa mahali pamoja. Kwa kanuni ya Pythagoras, 15 kwa 15 ni 225, toa 10 kwa 10 ambayo ni 100, yabaki 125, na kipeo chake cha pili ni 11 na kidogo. Maana yake upepo waweza kulisogeza boya mita 11 upande wowote. Basi kina kipimwe kwanza, na kamba izidi kina kwa kiasi kidogo tu.

Kamba ya kupimia nayo ina ujanja wake. Kamba ya katani ikilowa hufupika, na ya nailoni ikivutwa hurefuka. Kwa hiyo kamba ya katani ilowekwe kwanza, ndipo itiwe alama za mita. Ili maboya yakae katika mstari ulionyoka, tusimamishe vijiti viwili virefu nchi kavu, kimoja nyuma ya kingine. Mwenye mtumbwi akiviona vimepangana kama kimoja, ajue yumo mstarini.

Mitumbwi iwe 5, ikae kati ya mistari miwili mirefu, mmoja kila mita 63. Kwa hesabu yangu, mwogeleaji aliye katika mistari hiyo hatakuwa mbali na mtumbwi zaidi ya mita 35. Katika kila mtumbwi wawe watu wawili: mmoja wa kupiga kasia na mmoja wa kutazama maji. Mtazamaji asiwe na kazi nyingine, wala asimshangilie rafiki yake. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Pumzi ya kupigia kelele hana. Huonekana tu kichwa kikielea chini, mdomo ukiingia na kutoka majini.

Tena wanaoingia majini wahesabiwe kwa namba, na wanaotoka wahesabiwe na mtu yule yule penye mlango mmoja. Wakiingia 30, sharti watoke 30. Anayeacha njiani apeleke namba yake kwa mhesabuji kabla ya kwenda kuvaa nguo. Nisemalo ni dogo, lakini bila hilo hatutajua kama mwenzetu yuko bwenini au yuko chini ya maji.

Tusisahau wenye ziwa. Wavuvi wa sambaza huvua usiku kwa taa, mitumbwi yao mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu, na alfajiri hurudi na nyavu zao. Njia yetu isikate njia yao. Inafaa wajumbe wa shule waende kwao siku nyingi mbele, kwa heshima, na kuuliza. Maana hao ndio wanaojua pale penye miamba, na pale ambapo upepo huanza ghafula. Mahali penye matete na maji yaliyosimama tupaepuke, kwa kuwa ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Ninyi mlioko kando ya ziwa Victoria mna neno la zaidi: kwenu kuna mamba na viboko, na njia ya kuogelea haichaguliwi bila kuwauliza wenyeji.

PILI: MAHALI PA KUBADILISHIA

Mahali pa kubadilishia ndipo mtu anapoacha maji na kushika baiskeli, kisha anapoacha baiskeli na kuanza kukimbia. Pasipopangwa vizuri, mshindi atakuwa yule aliyepata nafasi nzuri ya kuegesha baiskeli, si aliye hodari.

Dawa yake ni hii: mlango wa kuingilia uwe ncha moja, na mlango wa kutokea na baiskeli uwe ncha ya pili. Aliye karibu na mlango wa kuingilia atapata baiskeli yake upesi, lakini ataisukuma mbali. Aliye karibu na mlango wa kutokea atakimbia mbali kuifikia, lakini ataisukuma kidogo. Jumla ya hatua ni ile ile kwa wote. Ndani ya mahali hapo hakuna kupanda baiskeli. Mtu ataipanda baada ya mstari uliochorwa nje. Tena kila mmoja avae kofia ngumu na kuifunga kabla ya kuigusa baiskeli yake. Hiyo ni sheria ya mchezo huu kila mahali, nasi tuifuate bila kusamehe.

Pia mahali hapo pasiwe bondeni. Katika nchi hii ya volkano, hasa pande za Goma na Rubavu, kuna mashimo na mabonde yanayokusanya hewa mbaya ambayo wenyeji huiita mazuku. Ni hewa ya ukaa itokayo ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala chini, hasa alfajiri kabla ya upepo kuvuma, na imeua watu na wanyama. Wazee wakisema mahali fulani mbuzi hawalazwi, sisi nasi tusiweke watoto wa watu hapo.

TATU: NJIA YA BAISKELI

Wenye barabara ya mzunguko wana bahati. Hapa kwetu, kama Burundi na Kongo, magari hupita upande wa kuume. Kwa hiyo mzunguko uende kama mshale wa saa, kila kona iwe ya kuume, na mwendesha baiskeli hatakata njia ya magari hata mara moja. Ndugu zetu mlioko Uganda, Kenya na Tanzania, ambako magari hupita kushoto, geuzeni: kona zote ziwe za kushoto.

Sisi hatuna mzunguko, tuna barabara moja ya lami inayofuata ziwa. Hapana budi kwenda na kurudi. Twaweza kwenda kilomita 2 na nusu na kurudi, mara 4. Ama kwenda kilomita 5 na kurudi, mara 2. Zote mbili ni kilomita 20. Ipi bora? Ile ya kwanza ina mageuzo 7: manne ncha ya mbali na matatu ncha ya karibu. Ile ya pili ina mageuzo 3 tu. Lakini ya pili yataka walinzi wengi zaidi: tukiweka mlinzi kila mita 250, ya kwanza yataka walinzi 10, ya pili 20. Walinzi tunao, maana shule ina wanafunzi mamia. Mifupa ya ziada hatuna. Nachagua ya pili.

Sasa tugeukie wapi? Wengine wamesema tugeukie darajani, kwa kuwa hapo ndipo watazamaji watakapojaa. Daraja liko mwisho wa mteremko. Tufanye hesabu ya fizikia. Baiskeli ikishuka kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo wake ni karibu mita 14 kwa sekunde. Tukikisia kwamba breki nzuri hupunguza mwendo kwa mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde, itasimama baada ya mita 32. Ongeza mita 14 za sekunde moja ya kushtuka, zawa 46. Lami ikilowa na nguvu ya breki ikapungua nusu, itahitaji mita 64, na 14 za kushtuka, jumla 78. Lakini mtu anayepanda mlima kwa kilomita 15 kwa saa husimama karibu papo hapo. Basi ncha ya mbali iwe juu ya mlima, mahali palipo sawa, ambapo kila mtu amefika polepole akihema. Katika nchi ya vilima elfu, vilima navyo vitusaidie. Ncha ya karibu iwe penye uwanda mbele ya kanisa.

Ili kupima kilomita hizo, simu ya mkononi haitoshi. Hukosea mita kadhaa hapa na pale, hasa penye miti na kona. Njia inayotumika kupimia mbio za barabarani duniani ni baiskeli yenyewe. Mwaka 1971 Mmarekani Alan Jones alitengeneza chombo kidogo cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Sisi twaweza kufunga utepe mwekundu penye gurudumu na kuhesabu kwa macho. Kwanza pima mita 300 za barabara iliyonyoka kwa utepe wa chuma, uziendeshe mara nne, uhesabu. Baiskeli niliyotumia ilitoa mizunguko 142 na nusu kwa mita 300. Basi kilomita 5 ni mizunguko 2,375. Wapimaji wa dunia huongeza mita 1 kwa kila kilomita, ili njia isije ikawa fupi. Kwa hiyo nasi tutahesabu 2,377 na kidogo. Kazi hii ifanywe asubuhi yote kwa mara moja, maana jua likipanda hewa ya mpira huvimba na gurudumu hukua.

NNE: NJIA YA KUKIMBIA, NA DUATLONI

Sasa nafika kwenye neno ambalo lanigusa zaidi. Wengi wetu hatujui kuogelea, na si aibu; mtoto wa kilimani ataogelea katika nini? Ikiwa sikukuu itakuwa na triatloni peke yake, nusu ya shule itakuwa watazamaji. Hatari iliyo mbaya zaidi ni kwamba mwingine, kwa kuona haya mbele ya wenzake, ataingia majini hali hajui. Ndiyo sababu naomba duatloni ifanywe siku ile ile, kwa heshima ile ile na zawadi ile ile.

Wala haiongezi kazi. Tupime mzunguko mmoja wa kukimbia wa kilomita 2 na nusu, kupitia njia ya mikaratusi na kurudi kwa njia ya chini. Wa triatloni wataukimbia mara 2, zawa kilomita 5. Wa duatloni wataukimbia mara 2 mwanzoni, wataendesha baiskeli kilomita 20 kwa barabara ile ile, kisha wataukimbia mara 1 na kumaliza. Njia tatu zatosha kwa mashindano mawili, na mahali pa kubadilishia ni pamoja.

Shida ni msongamano barabarani, nayo hutatuliwa kwa saa. Triatloni ianze saa 12 na nusu asubuhi. Mwogeleaji wa mwisho atatoka baada ya dakika 30 hivi, na akiendesha kilomita 20 kwa saa, atashuka baiskelini dakika ya 90. Duatloni ikianza dakika 75 baada ya triatloni, yaani saa 1 na dakika 45, mkimbiaji hodari sana atamaliza kilomita 5 zake kwa dakika 18 na kushika baiskeli dakika ya 93. Hawatakutana barabarani. Watakutana kwa miguu tu, na namba zenye rangi mbili zitawatofautisha. Wakati huo wale wa mitumbwi watakuwa wamemaliza kazi ziwani, nao watakwenda kulinda barabara.

Kwa wanaotaka triatloni, kuwe na jaribio juma mbili kabla: mita 400 kando ya ukingo, bila kushika kitu, mbele ya mwalimu. Asiyeweza aende duatloni bila kuchekwa.

TANO: NANI ASEME "LEO HAPANA"?

Neno la mwisho. Mwaka 2024 katika Olimpiki ya Paris, triatloni ya wanaume ilipangwa tarehe 30 Julai. Maji ya mto Seine yalipopimwa yakaonekana machafu baada ya mvua, mashindano yakaahirishwa hadi tarehe 31, juu ya fedha zote zilizotumika na wageni wote waliokuja. Tena shauri la mwisho lilikuwa tayari: maji yakikataa kabisa, kuogelea kuondolewe na mashindano yawe duatloni.

Nasi tufanye hivyo. Mtu mmoja, tena asiye na mwanafunzi wa bweni lake katika mashindano, apewe mamlaka ya kwenda gatini saa 12 kamili na kutazama ziwa. Kukiwa na mawimbi, au radi, au mtumbwi mmoja umepungua, aseme "Leo hapana," na wote wahamie duatloni bila mabishano. Njia imekwisha kupimwa, hakuna kitakachoharibika. Mtu huyo akiwa hayupo, kila mmoja atamtazama mwenzake, na waogeleaji wataingia majini kwa sababu tu wageni wamekwisha kukaa vitini.

Ninyi wanafunzi wa zamani, tunahitaji kwenu mitumbwi 3 zaidi, kamba ya mita 350, kofia ngumu za kuazima, na watu wazima wanaojua kuogelea vizuri. Mwenye moja ya hivyo aandike kwa mwalimu wa michezo kabla ya mwisho wa mwezi. Michoro ya njia zote nimeibandika penye ubao wa maktaba, na vipimo vyake vimeandikwa pembeni. Mwenye kuona hesabu iliyokosewa na aje aniambie sasa, maji yakiwa bado hayana mtu.